Chai ya Mama na Maradhi ya Sukari



Hapana nyumba ya Kiislamu katika mwambao wetu ambamo mgeni huingia akatoka bila ya kutajiwa chai. Mara nyingi hata haulizwi. Huona tu sinia imeletwa mbele yake. Na chai hiyo, kama mwenye nyumba ampenda mgeni wake, sharti iwe tamu. Sisi tangu utotoni tulijifunza kupima ukarimu wa watu kwa utamu wa chai yao, na mtu aliyetupa chai isiyokolea sukari tulitoka kwake tukinong'onezana kwamba ana mkono wa birika. Leo nataka kueleza jinsi desturi hii, iliyo njema katika asili yake, ilivyomdhuru mama yangu, na jinsi mimi mwanawe nilivyokuwa na sehemu yangu katika madhara yale. Si jambo jepesi kwa mtu kuitoa habari ya nyumba yake mbele ya watu. Lakini najua kwamba nyumba zilizo kama yetu ni nyingi, na huenda mmoja wa wasomaji akayasoma haya usiku, na asubuhi yake akaifikiri upya sufuria yake ya chai.

Mama alikaa Tanga, katika mtaa wa Ngamiani, ndani ya nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Kila siku baada ya Sala ya Alfajiri aliinjika sufuria kubwa: maji, maziwa, iliki zilizotwangwa, kipande cha tangawizi, na majani ya chai yatokayo katika milima ya Usambara, mwendo usio mrefu kutoka kwetu. Kisha akachota sukari kwa kikombe, wala si kwa kijiko, akaimimina humo humo sufuriani. Ilipochemka vizuri aliichuja akaitia katika chupa mbili za kuhifadhi moto, na chupa hizo hazikukauka mpaka usiku. Kwa hiyo hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyejua anakunywa vijiko vingapi vya sukari, wala hapakuwa na aliyeweza kupunguza hata kama angependa. Anayekunywa alikuta mambo yamekwisha kukatwa jikoni.

Yafaa nieleze kwa nini Mama aliipenda sukari namna ile, msije mkamdhania ulafi. Yeye alitulea katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Uganda, wakati bidhaa zilipoadimika katika nchi yetu ya Tanzania. Sabuni ilikuwa shida, mafuta ya kula shida, na sukari ilikuwa ni kitu cha kupangia foleni tangu usiku. Namkumbuka akirudi nyumbani na nusu kilo katika kipande cha karatasi, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Siku zile tulikunywa chai kavu, na utamu kidogo uliopatikana aliuweka kwa ajili ya baba, kwa wageni, na kwa mtoto aliyekuwa mgonjwa. Basi ilipokuja neema, na sukari ikajaa madukani, yeye aliimimina kwa mkono wa mtu aliyepata kunyimwa. Kwake yeye sukari ilikuwa ndiyo mapenzi yenyewe.

Nami nilijifunza hayo kwake. Nilipoajiriwa Dar es Salaam, kila mwisho wa mwezi nilipanda basi kwenda kumwamkia, na sikuthubutu kuingia mlangoni mikono mitupu. Nilimpelekea kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, nami nikakaa nikijiona kuwa mtoto mwema.

Katika mwaka 2009 Mama alianza kukonda. Kiu haikumtoka, aliweka mtungi wa maji karibu ya kitanda, na usiku alikwenda chooni mara nne, mara tano. Macho yalimfanyia ukungu hata akashindwa kuusoma Msahafu wake wa herufi kubwa. Jirani mmoja alisema ni husuda, mwingine akasema ni uzee tu. Ni dada yangu aliyekaa naye ndiye aliyeona sisimizi wakijikusanya pale chooni, akanipigia simu.

Alama hiyo ya sisimizi ni ya kale sana. Matabibu wa Kihindi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliiona, wakayaita maradhi haya mkojo wa asali. Na Ibn Sina, tabibu wetu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha Qanun. Lakini sisi, pamoja na elimu yote iliyoenea siku hizi, tulimkawiza mama yetu miezi mingi kwa maneno ya husuda. Alipopimwa kabla ya kula kitu asubuhi, sukari ya damu yake ilionekana kuwa 14. Na mtu akifika 7 tu katika kipimo hicho, nacho kikathibitishwa, huhesabiwa kuwa ana kisukari.

Nitayaeleza maradhi haya kwa ufupi, kwa faida ya vijana wasioyajua. Chakula tulacho, hasa cha wanga na cha sukari, hugeuka kuwa sukari katika damu. Mwili una utomvu uitwao insulini, utokao katika kongosho, na kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo mlango iingie katika viungo ipate kutumika. Katika aina ya pili ya kisukari, iwapatayo watu wengi zaidi, hasa watu wazima, insulini haitoshi, au viungo haviitikii sawasawa. Sukari basi hubaki damuni. Haiumi, wala haipigi kelele. Illa kwa muda wa miaka huharibu mishipa midogo ya macho, ya figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu huzoea, akajiona mzima, kumbe anamomonyoka ndani kwa ndani.

Daktari aliyemtazama Mama alikuwa na wagonjwa wengi waliomngoja nje. Alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze vitu vya sukari. Maneno hayo yalikuwa ya haki, lakini yalikuwa mafupi, na sisi tulipofika nyumbani tuliyafasiri kwa akili yetu. Tukakaa kikao, ndugu wote, tukaamua: Mama asinywe chai tena.

Laiti ningaliona wakati ule jambo tulilolifanya! Sufuria iliendelea kuinjikwa kama kawaida, na kikombe kizima cha sukari kikaendelea kumiminwa humo, kwa sababu watoto na wakwe na wajukuu walitaka chai yao. Mama peke yake ndiye aliyetolewa. Yeye aliyekuwa akikaa penye sinia na kumimina kwa mkono wake, akijua nani ataka kikombe kijae na nani ataka kidogo, sasa aliletewa maji ya vuguvugu katika bilauri. Wageni walipokuja alisingizia kichwa kinamuuma akaingia chumbani. Sisi tulisema, "Mama ameanza kupenda upweke." Hatukusema kwamba sisi ndio tuliompa upweke huo.

Na je, mnadhani aliacha chai? Hakuacha. Baada ya Alasiri alivaa buibui lake akaenda kwa shoga yake, nyumba ya tatu, na huko alikunywa vikombe viwili vya chai tamu kwa siri, pamoja na vitumbua. Siku moja nilimfumania. Nilimsemesha maneno ambayo mtoto hastahili kumwambia mzazi wake. Nilimwambia anajiua kwa mikono yake mwenyewe. Yeye hakunijibu. Alitazama chini tu, akakirudisha kikombe siniani polepole. Ndugu zangu, ninaposali na kumwombea wazazi wangu rehema, kikombe kile hunijia mbele ya macho.

Na jambo la ajabu ni kwamba jioni ile ile, katika mkoba wangu, mlikuwa na kilo mbili za sukari nilizoleta kutoka Dar es Salaam.

Katika mwaka 2012 Mama alikatwa na ukanda wa kandambili, katikati ya vidole vya mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya nyayo ilikuwa imekwisha kufa ganzi, wala sisi hatukuwa na habari kwamba mwenye maradhi haya yampasa kutazamwa miguu yake kila siku. Dada yangu aliusikia mguu ule kwa harufu kabla ya kuuona. Tulipomfikisha hospitali, vidole viwili vilikuwa vyeusi, na vikakatwa. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji nikiwa na tasbihi mkononi, na sikuweza kuhesabu.

Katika wadi ile alikuwako muuguzi, mwanamke wa makamo, mpole wa maneno. Siku moja alikuja akamwamkia Mama, akavuta kiti akaketi. Wote waliotangulia walikuwa wakimuuliza Mama yeye anakula nini. Huyu alituuliza sisi watoto: "Chai ya nyumbani kwenu anaipika nani, na sukari inatiwa wapi?"

Tukatazamana. Dada yangu akajibu, "Inatiwa sufuriani, bibi."

Akasema, "Basi mgonjwa si mama yenu peke yake. Mgonjwa ni sufuria."

Kisha alichukua kalamu na karatasi akatufanyia hesabu. Kikombe kimoja cha sukari ni kama gramu 200, na kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4. Basi kikombe kile kilikuwa ni vijiko 50. Sufuria yetu ilitoa vikombe 16 hivi vya chai. Kila aliyekunywa kikombe, alikunywa vijiko 3. Mama kabla ya kuugua alikuwa akinywa vikombe 6 kwa siku: viwili asubuhi, kimoja saa nne, viwili alasiri, kimoja baada ya Isha. Hivyo ni vijiko 18, yaani gramu 72, mbali na iliyomo katika maandazi na vitumbua. (Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba mtu mzima, hata mwenye afya, ni bora sukari ya kuongezwa isimzidi gramu 25 kwa siku, ambazo ni vijiko 6.) Muuguzi yule akaendelea kuzidisha mpaka mwisho wa mwezi: gramu 72 mara siku 30 ni gramu 2,160. Kilo mbili na kidogo.

Nilipoliona jumla lile nilinyamaza. Kilo mbili kwa mwezi ndicho kipimo nilichokuwa nikimletea. Yaani kwa miaka mingi nilikuwa nikimlisha Mama sukari yake yote kwa mkono wangu, tena nikipokea dua kwa ajili hiyo.

Kisha muuguzi akatuambia neno ambalo hatukulitazamia: "Mrudishieni mama yenu chai yake." Akatufahamisha kwamba majani ya chai na maji ya moto, bila ya kitu kingine, havipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kutisha. Chai kavu haina wanga wa kuhesabika. Kinachodhuru ni tunachokitia ndani yake, na tunachokila pembeni yake.

Mambo mengine aliyotufundisha, nami nikayathibitisha baadaye kwa kuuliza na kusoma, ni haya. Maziwa si haramu kwa mgonjwa, lakini nayo yana sukari yake ya asili, kadiri ya gramu 5 katika kila mililita 100. Basi chai ya maziwa matupu si sawa na chai iliyorangishwa kwa maziwa kidogo. Maziwa ya kopo yale mazito, yaliyotiwa sukari kiwandani, kiasi cha nusu yake ni sukari, na mwenye kuyatumia asijidanganye kwamba hakutia kijiko. Asali nayo, pamoja na heshima yake kubwa kwetu Waislamu, karibu sehemu nne katika tano ni sukari, na damu ya mgonjwa huipokea kama sukari. Kadhalika sukari guru. Kuna watu wengi wema waliohama kutoka sukari nyeupe kwenda katika asali, vijiko vinne vinne, wakidhani wamepona.

Tena mtu akiacha sukari katika kikombe, kisha akala maandazi matano pamoja nacho, hakufanya kitu. Unga wa ngano nao hugeuka sukari mwilini. Kaimati zilizochovywa katika shira ndizo zaidi.

Wengine huuliza: je, chai yenyewe si dawa ya kisukari? Juu ya jambo hili husemwa mengi, na yafaa tuseme kweli. Katika mwaka 2022, wataalamu wa Wuhan nchini China walizikusanya tafiti 19 zilizohusu watu zaidi ya milioni 1 wa nchi 8. Waliokunywa vikombe 4 au zaidi vya chai kwa siku walionekana kupatwa na kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, pungufu ya asilimia 17, kuliko wasiokunywa. Lakini wataalamu hao hao, walipowafuatia Wachina wa nchini mwao zaidi ya 5,000, hawakuona tofauti yoyote baina ya mnywaji na asiyekunywa. Basi hapo pana tumaini, lakini hapana hoja ya kutosha. Tena habari hizo ni za watu ambao walikuwa bado hawajaugua, si za kumtibu aliyekwisha kuugua. Wala asidhani mtu kwamba ni habari ya vikombe vya vijiko vitatu vitatu. Mgonjwa asiache vidonge vyake wala sindano yake kwa ajili ya chai, iwe ya majani mabichi, ya mdalasini, ya mchaichai au ya mti mwingine wowote. Viungo hivi ni kiburudisho kizuri, na vyamsaidia mtu kusahau sukari kwa harufu yake, lakini mahali pa dawa havikai.

Na chai kavu nayo ina adabu zake. Ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usipate sawasawa madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu, na mama mjamzito, ni bora waiweke mbali na chakula kwa saa moja hivi. Ikinywewa usiku sana huondoa usingizi. Na wako wagonjwa ambao kafeini, ile nguvu ya kuchangamsha iliyomo katika chai na kahawa, hupandisha sukari yao kidogo. Kila mmoja ajipime aone.

Basi tulirudi nyumbani tukaanza. Sukari ilitolewa sufuriani ikawekwa katika kibakuli chenye mfuniko, na kila mtu akatia mwenyewe kwa kijiko mbele ya wenziwe. Siku za kwanza zilikuwa za manung'uniko. Wajukuu walisema chai haina ladha, na shemeji yangu mmoja alisema kwamba ugonjwa wa mtu mmoja si sababu ya kuwafungisha watu wote. Aliyemjibu ni Mama mwenyewe. Alimwambia, "Mwanangu, kila jioni nakuona barazani ukinywa kahawa chungu, vikombe vitatu, wala hujapata kulia. Nani aliyekufundisha kwamba kahawa ni halali kuwa chungu, na chai sharti iwe tamu?"

Kweli, ndugu zangu, hilo ni jambo la kufikiriwa. Chai ni mgeni katika pwani yetu. Mti wake ulipandwa na Wajerumani huko Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Kahawa iliitangulia kwa wazee wetu, nao waliinywa chungu, wakala tende moja au kipande kidogo cha halua, basi. Ulimi wetu wajua kustahimili uchungu. Ni mazoea tu yaliyouharibu. Tulipunguza kijiko kimoja, tukakaa wiki mbili. Tukapunguza nusu ya pili. Baada ya miezi mitatu, yule shemeji alinywa chai katika nyumba ya watu akarudi akilalamika kwamba ilikuwa tamu kama shira.

Ama Mama, alirudi kwenye sinia yake. Chai yake ilikuwa na iliki nyingi, tangawizi, na maziwa kidogo ya kubadili rangi. Mgeni alipokuja alimwuliza, "Wataka sukari, au nikupe kama ninywavyo mimi?" Mwanzoni tulimwonea haya, tulidhani watu watasema kwamba tumekuwa mabahili. Lakini siku moja alikuja mzee mmoja wa msikitini, akaulizwa swali lile, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, mimi nina maradhi hayo mwaka wa sita. Kila nyumba niingiayo hunywa kwa kuona haya, nisimvunjie mwenye nyumba heshima. Kwako ndiko nilikoulizwa mara ya kwanza." Dini yetu imetuamrisha kumkirimu mgeni, na sikujua kabla ya siku ile kwamba swali moja laweza kuwa ni ukarimu mkubwa kuliko vijiko vitatu.

Lakini nisije nikawafanya watu waichukie sukari kama sumu, yanipasa nieleze habari moja zaidi. Katika Ramadhani ya mwaka 2014, Mama alikuwa amekwisha kuanza sindano za insulini. Alikataa kabisa kuacha kufunga. Siku moja baada ya Alasiri dada yangu alimkuta anatetemeka, jasho jembamba likimtoka, na maneno yake hayaeleweki. Alimpima kwa kile kipimo cha kidole, akaona 3.1. Sukari ikishuka chini ya 3.9 ni hatari. Na ikizidi kushuka mtu huzimia, na aweza kufa. Dada akachukua kikombe cha chai kavu ya vuguvugu, akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga, akamwekea mdomoni. Mama akageuza uso. Alisema, "Imebaki saa moja na nusu tu."

Dada yangu alilia, akamwambia, "Mama, Mwenyezi Mungu amekuruhusu; wewe usijikataze." Ndipo akanywa. Baada ya dakika 15 alipimwa tena, sukari ilikuwa imepanda, na fahamu zikamrudia. Kikombe kile kile tulichokiogopa miaka miwili, siku ile ndicho kilichomwokoa. Kila nyumba yenye mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge viwezavyo kuishusha sukari mno, yapasa ijue jambo hili: gramu 15 za sukari, nazo ni vijiko vitatu mpaka vinne, katika maji au chai kavu, kwa haraka, maadamu mgonjwa aweza kumeza, akizimia asitiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali.

Ruhusa ya mgonjwa kula katika Ramadhani imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, wala si jambo la kuonewa haya. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamesema pia kwamba kutoboa kidole kwa kupima hakufunguzi. Mgonjwa wa sukari aende kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Mama, baada ya siku ile, alikubali kutoa fidia kwa kulisha maskini, na kila jioni alikaa nasi kwenye futari kama mtu aliyefunga, akitumiminia chai sisi.

Muuguzi yule alikuwa ametusihi sisi watoto nasi tukapimwe, kwa kuwa maradhi haya hupenda kurudi katika ukoo mmoja, tena tulikuwa tumelelewa kwa sufuria moja. Mimi nilichelewa, nilikwenda mwaka 2015. Nilikuta 6.5 kabla ya kula. Sikuwa nimefika katika kisukari, lakini nilikuwa nimekwisha kusimama mlangoni. Nilipunguza wali wa usiku, nikaanza kutembea kwa miguu nusu saa baada ya Magharibi, na chai yangu nikainywa kama Mama alivyoinywa. Alhamdulillahi, mpaka leo bado niko nje ya mlango ule.

Mama alifariki mwaka 2019, kwa maradhi ya kifua. Kwa miaka ile saba ya mwisho mguu wake haukupata jeraha jingine. Kila usiku mjukuu mmoja aliutazama kwa taa, vidole na nyayo. Asubuhi ya siku aliyougua alikunywa chai pamoja nasi.

Mpaka alipofariki niliendelea kwenda kila mwisho wa mwezi, wala sikuingia mlangoni mikono mitupu. Katika mkoba mlikuwa na iliki kutoka sokoni Kariakoo, ndimu, na pakiti ya majani ya chai. Alizipokea kwa mikono miwili kama zamani, na dua ilikuwa ndefu vile vile.

Enyi vijana mnaosoma gazeti hili, mnaokwenda kuwatazama wazazi wenu Ijumaa na siku za Idi: itazameni sufuria ya nyumba kabla ya kumlaumu mgonjwa. Msimtenge mzee na sinia yake. Toeni sukari sufuriani, muiweke katika kibakuli chake, na kila mmoja ahesabu vijiko vyake. Na mgeni ajapo, muulizeni.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atusamehe tuliyowatendea kwa kutojua. Amin.